Shairi Langu Lilivyomuua Mwalimu Gencheva

Mlioniacha Jumamosi iliyopita mnakumbuka nilipokuwa: kwenye ngazi za shule, mimi Radoi Kalchev wa darasa la kumi na mbili B, nimezungukwa na wenzangu ishirini na watano, kila mmoja akitaka kunivunja mbavu. Na walikuwa na haki.

Kwa mliokosa gazeti, nitasema upesi. Kwenye sherehe ya kipindi chetu cha mwisho nilipanda juu ya dawati nikasoma shairi la mzaha kuhusu mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Gencheva wa fizikia, anayeishi peke yake. Mistari yenyewe, ambayo leo naiandika uso ukiniwaka, ilikuwa hii:

Mwalimu hana jirani, siku zote anafoka,
Akiingia shimoni, atalia nani? Paka!

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alichukua mkoba wake, akasema, "Tarehe ishirini na nne mtatembea wenyewe," akaenda zake kijijini, kwenye nyumba aliyoachiwa na mama yake.

Na tarehe ishirini na nne Mei kwetu si siku ya mchezo. Ni siku ya herufi na vitabu. Mji mzima husimama barabarani, bendi hupiga, na darasa linalohitimu hupita mbele ya watu wote likiongozwa na mwalimu wake. Mkuu wa shule, Bwana Velikov, alishakata shauri: "Darasa lisilo na mwalimu halitembei. Mtasimama kando na bibi zenu, mpige makofi."

Miaka mitano ya shule, halafu iishie kando ya barabara kwa sababu ya vina vyangu!

Nikaapa pale pale kwenye ngazi kwamba nitamrudisha. Tena nitamrudisha kwa silaha ile ile niliyomuumizia.

"Shairi tena?" akauliza Nevena, kiranja wetu. "Radoi, wewe ukimchoma mtu kwa pasi unamtibu kwa pasi?"

"Hili ni la kuomba radhi. Litachapwa, litabandikwa mji mzima. Habari itamfikia kijijini kabla ya saa sita mchana. Atajua tumetubu hadharani."

"Mimi nitabandika," akasema Zdravko, golikipa wetu, mtu mwenye mikono mirefu kama ngazi ya zimamoto. "Ila nisiamshwe mapema sana."

Niliketi saa tatu mfululizo. Sikufundishwa na mtu kutunga. Nilijifunza mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole chini ya dawati katika vipindi vya fizikia. Na nasema bila haya kwamba lile lilikuwa shairi langu bora kuliko yote:

Miaka mitano sasa, umetubeba begani,
Tulikukosea hasa, leo tuko magotini,
Tutazame bila visa, utuongoze njiani,
Kesho tembea, Mwalimu, mbele ya darasa lako.

Nikalipeleka kwa Mzee Mincho, ambaye hupiga chapa kila kitu katika mji wetu.

"Shairi?" akauliza.

"Shairi."

"Na picha?"

Nikampa picha ya Mwalimu aliyopigwa tulipokuwa darasa la nane, amevaa koti jeusi, anatazama mbali.

"Wanaotoa ni nani?"

"Darasa zima la kumi na mbili B."

Mzee Mincho akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mngali wadogo sana," akasema kwa sauti nzito. Moyo wangu ukapaa. Nikajua shairi limemgusa.

"Usiguse hata mkato mmoja, Mzee."

"Kijana, sijagusa mkato wa mtu miaka thelathini. Kesho alfajiri aje mwenye kuchukua. Na sitaki malipo."

Hata malipo hataki! Nilirudi nyumbani nikiruka ruka kama mbuzi aliyefunguliwa.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tatu niliamshwa na harufu ya ngano inayochemka. Nikaenda jikoni. Bibi yangu alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani, anakoroga sufuria, machozi yanadondokea humo humo.

Kwetu ngano ya namna ile, yenye sukari juu, haipikwi ila pakiwa na msiba.

"Bibi, nani kafa?"

"Kaa chini kwanza, mjukuu wangu."

"Nani?"

"Mwalimu wako. Gencheva. Nimeona bango lake mlangoni pa kanisa."

Sikukaa. Nilianguka. Niliangukia kapu la vitunguu, nikabaki humo. Amekufa! Amekufa kijijini peke yake, na maneno ya mwisho aliyosikia kutoka kwangu ni yale ya paka! Nililia kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta.

"Lia, lia," Bibi akasema. "Alikupenda yule. Alisema una akili, ila umeifungia ndani na ufunguo umeupoteza."

Nikatoka mbio bila viatu, nikakimbia hadi kanisani. Watu walikuwa wamesimama mbele ya ubao wa misiba, ambako kwetu kila anayekufa hubandikiwa bango lenye picha yake na shairi, kofia mikononi. Nikapenya katikati yao, nikaitazama picha. Koti jeusi. Anatazama mbali. Fremu nene nyeusi, msalaba mdogo pembeni. Na chini ya picha, mistari minne.

Nikaanza kuisoma huku nikilia. Nikafika mstari wa pili nikasema moyoni, huyu aliyetunga ni fundi hasa. Nikafika wa nne, nikaacha kulia.

"Hili ni shairi langu!" nikapiga kelele.

"Pole sana, kijana," akasema kinyozi Asparuh, akinipapasa kichwa.

"Hajafa! Someni! 'Kesho tembea, Mwalimu'! Maiti anatembea?"

"Nani husoma mashairi ya mabango haya?" akasema Asparuh. "Mtu anaona picha, anaona fremu, anavua kofia, basi."

Msomaji, nakiri: kwa dakika nzima sikujali kwamba nimemuua mwalimu. Nilichojali ni kwamba mji mzima umetazama shairi langu na hakuna aliyelisoma.

"Mimi nimelisoma," akasema mama wa duka la dawa. "Mstari wa tatu umelegea."

Nikalishika bango nikalichana. Hilo lilikuwa kosa. Bibi mmoja mwenye mwavuli alinipiga wa kwanza begani, wa pili kisogoni. "Anachana bango la marehemu! Mtoto wa nani huyu? Hana hata viatu!"

Nikakimbia, mwavuli ukinifuata hadi kona ya posta. Na pale posta, bango. Kituo cha basi, bango. Kwenye mti wa mbele ya benki, mabango mawili, moja juu ya jingine.

Zdravko nilimkuta kwenye ngazi za shule, anakula banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, ana gundi hadi kwenye nyusi.

"Yote arobaini, mshairi!" akasema kwa furaha. "Hata moja halikubaki."

"Zdravko, hukuiona fremu?"

"Niliiona. Nikasema, safi, Mzee Mincho kaweka urembo."

"Na kwa nini ukabandika kwenye ubao wa misiba?"

"Pale gundi inashika vizuri."

Ningemrukia, ila Nevena alifika, anahema, ameshika simu. "Habari imeshafika kwa mkuu wa shule. Amempigia Mwalimu mara kumi na mbili, hapokei."

"Kijijini kwake hakuna mtandao!"

"Mimi najua, wewe unajua. Yeye amesema, 'Hapokei, basi ni kweli,' akaketi kwenye meza ya mapokezi akalia. Bwana Velikov! Kamasi mpaka kwenye tai. Sasa ameisimamisha bendi katikati ya mazoezi ya sherehe ya kesho, anataka wajifunze wimbo wa maziko. Na watu wananunua maua, Radoi. Shufwa. Nimeona mwenyewe, mawili mawili, manne manne."

Aliye hai hupewa maua witiri, matatu au matano; shufwa ni ya maiti. Mtu akishanunua maua shufwa kwa ajili yako, kwetu umeshazikwa nusu.

"Tumfikie kabla habari haijamfikia," Nevena akaamuru. "Akisikia kwa mtu mwingine, hatatembea nasi kesho wala miaka mia. Zdravko, gari."

Lada ya baba yake Zdravko ilikuwa tayari imefungwa riboni kwa ajili ya sherehe za kuhitimu, na honi yake ilikuwa na tabia ya kulia yenyewe kila inapopinda kushoto. Tukatoka mjini tukilia paa, paa, huku watu wenye nguo nyeusi wakitutazama kwa chuki.

Kisha Zdravko akasema, "Mnakumbuka matikiti?"

Tukapasuka. Nani angesahau! Darasa la tisa, somo la kuanguka kwa vitu. Mwalimu Gencheva alileta matikiti maji matatu, akatupandisha ghorofa ya tatu. La kwanza lilianguka vizuri. La pili vizuri. La tatu Zdravko alilisukuma kidogo tu, kwa upendo, likatua kwenye boneti ya Bwana Velikov.

"Na Velikov akaja juu, anatetemeka, 'Nani? Nani?'" nikasema.

"Na Mwalimu akajibu," akadakia Nevena, akiigiza ile sauti kavu, "'Ni mimi, Bwana Mkuu. Nilisahau kuhesabu upepo.' Siku ile hapakuwa na upepo hata wa kuzima mshumaa!"

Zdravko alicheka mpaka gari likapita juu ya majani. "Na ngoma je? Ukumbi umejaa maji, akatufundishia dansi kwenye korido, kati ya makabati. Hakuna aliyetaka kucheza nami. Akasema, 'Zdravko, njoo, mimi nitakuwa mwanamume.' Nikamkanyaga mara saba. Alihesabu! 'Ya nne, Zdravko. Ya tano.'"

Tulicheka hadi tukawa hatuoni barabara. Nilipoacha kucheka, niliona Nevena anatazama nje.

"Mama alipolazwa hospitali," akasema, "nilikula kwa Mwalimu wiki tatu. Baba alikuwa Uhispania kazini. Sikuwaambia. Kila siku pilipili za kujazwa wali. Nikisema nimeshiba, anasema, 'Kula, kiranja, mwili una kanuni zake.'"

Honi ikalia. Hakuna aliyecheka.

"Na ulikaa kimya nikisoma lile la paka?" nikauliza.

"Sikukaa kimya, Radoi. Nilicheka. Nilicheka kama wote. Unadhani niko ndani ya gari hili kwa ajili yako?"

Nikajikuta nahesabu vidole bila mizani yoyote.

Tulimkuta bustanini, amevaa mabuti ya mpira na aproni, anapanda miche ya pilipili kwa kufuata kamba aliyoinyoosha kama rula. Paka alikuwa amelala kwenye toroli.

"Mwalimu, uko hai!" Zdravko akapiga kelele. Akaruka ua, akamkumbatia, akamwinua juu.

"Nishushe, Zdravko. Ulitaka niweje?" Kisha akaniona. Akakunja uso. "Radoi. Safari hii unanitungia nini?"

Nevena alinisukuma mgongoni. Nikatoa mfukoni bango nililolibandua njiani, limekunjwa, nikampa kwa mikono miwili.

Akavaa miwani. Akatazama picha. Akatazama fremu, akatazama msalaba. Halafu akafanya jambo ambalo pale kanisani lilifanywa na mtu mmoja tu: akalisoma shairi, midomo ikihesabu mizani.

"Mstari wa tatu umelegea," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mmebandika mangapi?"

"Arobaini," akasema Zdravko. "Hata moja halikubaki."

"Na watu wakaamini?"

Nikamweleza yote, mbio mbio, Zdravko akidakia, Nevena akisahihisha. Nikategemea kofi. Badala yake Mwalimu aliketi taratibu kwenye ukingo wa toroli, karibu na paka.

"Velikov amelia?" akauliza.

"Kamasi mpaka kwenye tai," akasema Nevena.

"Velikov aliyeninyima maabara miaka kumi na moja." Akampapasa paka. "Nani mwingine?"

"Kinyozi Asparuh amefunga duka. Bibi yangu amechemsha ngano ya kulisha kikosi. Mwanamke mmoja amenipiga kwa mwavuli kwa ajili yako, Mwalimu, tazama kisogo."

Akageuka upande. Mabega yakaanza kutikisika. Nikasema, basi, tumemliza tena. Lakini alipogeuka alikuwa anacheka, anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na sikuweza kujua yapi ni ya kicheko na yapi siyo. Nadhani hata yeye hakujua.

"Utatembea nasi kesho, Mwalimu?" Nevena akauliza.

Akavua miwani. Akanitazama mimi, si Nevena.

"Umeniandika mara mbili, Radoi. Mara zote mbili ulikuwa unasikiliza vina vyako. Mimi sijakusikia wewe bado. Niambie ulichonifanyia. Kwa maneno ya kawaida."

Nikafungua mdomo. Nikatafuta. Kila neno lililokuja lilikuja na mwenzake wa kufanana naye mwishoni, nikawa nayafukuza kama kuku.

Na hapo ndipo tuliposikia ngoma.

Mwalimu alisimama juu ya toroli akachungulia juu ya ua. Kwenye barabara ya kijiji lilikuwa linakuja basi la shule, nyuma yake magari saba, na mbele ya yote bendi imeshuka inatembea kwa miguu, tarumbeta zinang'aa juani, wanapiga wimbo wa maziko waliojifunza asubuhi ile ile, kila mmoja kwa kasi yake.

"Velikov kaniletea bendi," akasema Mwalimu, kwa sauti ndogo. Kisha akashuka, akamchukua paka kwapani. "Vizuri sana. Mimi umeshindwa kuniambia, waambie wao. Nenda getini, useme mbele ya wote ulinifanya nini, na bango hili limetokea wapi. Nitakuwa nyuma ya pazia, nasikiliza. Ukiweza, kesho natembea mbele yenu. Ukishindwa, mtasimama na bibi zenu."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilikwenda getini. Nevena na Zdravko walibaki nyuma yangu, nilisikia Zdravko akinong'ona, "Maneno machache tu, mshairi. Hata mimi ningeweza."

Wa kwanza kunifikia alikuwa Bwana Velikov. Alinikumbatia hadi pumzi ikakata. "Mwanangu! Wewe ndiye umewahi kwanza. Na mimi nilitaka kuwanyima kutembea!"

"Bwana Mkuu, nina jambo..."

"Usiseme kitu. Nimelisoma shairi lako."



"Umelisoma?"

"Basini tumelisoma wote. Saa nzima, lilikuwa ndilo tu tulilokuwa nalo. Asparuh amelikariri!"

Na Asparuh kinyozi, yule yule wa asubuhi, akavua kofia na kuanza: "'Miaka mitano sasa, umetubeba begani...'" Wanawake wakaitikia. Bibi yangu, sufuria ya ngano mikononi, alikuwa akimwambia kila mtu, "Wangu huyo. Hakufundishwa na mtu." Hata mama wa duka la dawa alikuwa anajifuta macho. "Mstari wa tatu," akaniambia, "nilikosea. Ukisomwa kwa sauti hausimami tu, unapaa."

"'Kesho tembea, Mwalimu'!" akasema Bwana Velikov, mkono kifuani. "Roho yake itatembea mbele yetu kesho! Nani katika mji huu amewahi kutunga hivi? Tutalichonga kwenye jiwe, Radoi. Jina lako chini."

Kwenye jiwe. Jina langu chini.

Nyuma yangu Nevena akasema polepole, "Radoi. Sema."

Nilikuwa nayo. Naapa nilikuwa nayo mdomoni, maneno sita ya kawaida, hayana kina hata kimoja. Lakini Padri Nikodim alikuwa ameshafika mbele yangu, chetezo mkononi, uso umejaa huruma, na watu sitini nyuma yake wamenyamaza kunisikiliza mimi, mshairi wao.

"Yuko chumba gani, mwanangu?"

Nikasikia sauti inajibu, sauti nzuri, tulivu, ya mtu mwenye huzuni inayopendeza. Ilikuwa yangu.

"Kulia, Padri. Mlango wa pili."

Bendi ikaanza upya. Zdravko akashika kichwa kwa mikono yake yote mirefu. Na wale watu sitini wakanipita mmoja mmoja, kofia mkononi, maua yao mawili mawili, wakielekea kwenye nyumba ambayo, nyuma ya pazia la dirisha lake, Mwalimu Gencheva alikuwa amesikia kila neno.